Msitu wa Rungwe Unalindwa Shambani

Ukitoka Uyole na kushika barabara ya Tukuyu, baridi inakuingia kabla hujafika Isongole. Kando ya lami viazi mviringo vimeshindiliwa kwenye magunia ya lumbesa, kabichi zimerundikwa, na ukungu hauachii mpaka jua lipande sawasawa. Kulia kwako kuna safu ya Poroto inayolificha Ziwa Ngozi. Kushoto, siku ambayo mawingu yamekubali kufunguka, unauona Mlima Rungwe: chini mashamba, katikati msitu mzito, juu nyasi na mawe mpaka kileleni, karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari.

Wasafiri wengi wa Kyela na Malawi hupita hapa bila kugeuza shingo. Mlima huu haujatangazwa kama Kilimanjaro wala hauna tembo wa kupigwa picha. Lakini ndani ya msitu ule anaishi mnyama ambaye wanasayansi hawakuwahi kumwona hadi mwaka 2003, na ambaye hapatikani popote duniani nje ya Tanzania. Msitu wenyewe ulikuwa unakwenda na maji, ukaokolewa. Nasema umeokolewa nikijua kwamba kazi haijaisha, kwa sababu sehemu ngumu ya kuulinda haiko huko juu mawinguni. Iko chini, pale mahindi ya watu yanapogusana na miti ya hifadhi.

Rungwe ni volkano. Imekaa mahali ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana, mmoja ukitoka Rukwa, mwingine Usangu, na wa tatu ukishuka kuwa Ziwa Nyasa. Imelala, haijafa. Takriban miaka 4,000 iliyopita ililipuka kwa nguvu kubwa, na majivu yake yamekutwa na watafiti ndani ya tope la chini ya Ziwa Nyasa. Ushahidi mwingine hauhitaji maabara. Simama mahali popote ambapo kilima kimekatwa kupitisha njia: chini ya udongo mweusi wa juu utaona tabaka la vijiwe vyenye rangi ya krimu, vimejaa matundu, vyepesi mno. Weka kimoja kiganjani, huhisi uzito. Kitupe kwenye maji, kinaelea. Kila kimoja kilirushwa angani siku mlima ulipofumuka, kikapoa kikiwa hewani na kuanguka hapo ulipokiokota.

Jirani yake wa kusini, Kiejo, alitema lava karibu mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu za milima, na habari hizo zilibaki midomoni mwa wazee wa Kinyakyusa. Moto wa chini haujazimika. Chemchemi za maji moto zinabubujika hadi leo. Gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini huvunwa na kupelekwa viwandani, nayo ndiyo hutia povu kwenye vinywaji. Juu ya Mto Kiwira, lava iliyoganda imeacha daraja la asili ambalo wenyeji waliliita Daraja la Mungu, na maji yanapita chini yake hadi leo.

Kwa msitu, zawadi kubwa ya volkano ni udongo. Kwa mkulima vilevile. Hapo ndipo ilipo asili ya mvutano wote ninaotaka kuueleza. Wamisionari wa Moravian walipofika mwaka 1891 na kujenga kituo chao chini ya mlima, walikuta nchi ya migomba na watu wengi. Leo kuna chai, kahawa, ndizi, viazi, pareto, maharage, na sasa parachichi ambalo limewapa watu wengi fedha ambayo hawakuwahi kuiona katika zao jingine. Mvua haina mpinzani nchini: miteremko ya kusini hupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Ardhi ya namna hii haiachwi tupu. Imelimwa mpaka mguuni pa msitu, na katika sehemu nyingi hakuna pori la kati linalotenganisha jembe na hifadhi. Unatoka kwenye tuta la viazi, unaingia msituni.

Na mvua yote hiyo isingefaa kitu kama ingeporomoka siku moja na kuisha. Msitu ndio unaoizuia. Miti yake imevikwa kuvumwani, ardhi yake ni laini kama sponji, na maji huachiliwa kidogo kidogo hadi kiangazi. Kiwira, Mbaka na Lufilyo, mito inayoshuka kutoka nchi hii ya milima, inamalizikia Ziwa Nyasa ikipitia tambarare za Kyela. Anayekula wali wa Kyela akiwa Dar es Salaam, na akausifu kwa harufu yake, anakula pia matunda ya msitu wa Rungwe, ajue asijue.

Kima aliyejulikana na wawindaji

Mwanzoni mwa mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wanazunguka vijiji vya kando ya mlima wakiwauliza wawindaji na wazee ni wanyama gani wanaowajua. Miongoni mwa majina waliyotajiwa lilikuwamo la kipunji, kima mwenye haya anayekaa juu sana mitini. Ilikuwa vigumu kujua kama anayesemwa yupo kweli, kwa kuwa katika simulizi za wawindaji mnyama wa nyama na mifupa na yule wa mizimu hukaa msitu mmoja. Mei mwaka huohuo wakamwona kwa kuchungulia tu. Desemba wakamwona vizuri.

Ni kima mkubwa, mwenye manyoya marefu ya kahawia yanayomfaa kwa baridi ya huko. Uso ni mweusi. Utosini ana kishungi cha nywele kilichosimama wima, mashavuni ndevu ndefu, na tumbo na ncha ya mkia vinaelekea weupe. Upande wa Rungwe hukaa kwenye msitu ulio kati ya mita 1,750 na 2,450 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi akichangamana na mbega. Anakula matunda, majani, maua, magamba ya miti, kuvu na wadudu. Sauti yake ya kuitana haifanani na ya kima mwingine yeyote: ni mlio mkubwa wa chini, kati ya kubweka na honi. Mtu aliyewahi kuusikia alfajiri katika ukungu anajua kwa nini wawindaji walimzungumzia kwa heshima.

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka 2004, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mashariki, timu nyingine iliyokuwa msitu wa Ndundulu katika milima ya Udzungwa, wakiwamo Trevor Jones na Carolyn Ehardt, ilikutana na kima huyohuyo bila kujua kwamba kuna wenzao wamekwisha kumwona Rungwe. Makundi hayo mawili yakaunganisha taarifa zao, na Mei 2005 jarida la Science likamtangaza kwa ulimwengu. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 20 tangu Afrika itoe kima mpya.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka huohuo kipunji dume ambaye hajapevuka alinaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima, ndani ya shamba la mahindi kando ya Rungwe. Mwili wake ukapelekwa Field Museum, Chicago. Hadi wakati huo wanasayansi walikuwa na picha tu, na kwa kuangalia umbo walikuwa wamemweka katika jenasi ya mangabe. Vipimo vya mwili na vya vinasaba vikaonesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani, lakini si nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, ikaitwa Rungwecebus kwa jina la mlima. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima kupatikana Afrika baada ya miaka 83.

Naomba msomaji aliangalie tukio hilo kwa makini. Kilichompa mnyama huyu nafasi yake katika sayansi ya dunia ni mtego wa mkulima aliyekuwa anatetea mahindi yake. Wala sioni sababu ya kumnyooshea kidole. Alikuwa na shamba, alikuwa na familia, na mbele yake alikuwa na kima anayevunja mabua. Shamba hilo linatueleza habari ya Rungwe kuliko ramani yoyote ya hifadhi.

Kutoka msitu wa jina hadi hifadhi ya kweli

Msitu wa Rungwe ulikuwa umehifadhiwa tangu enzi za mkoloni kwa ajili ya vyanzo vya maji. Kuhifadhiwa kwenyewe kulikuwa kwa karatasi zaidi. Watafiti walioingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta wachana mbao wakifanya kazi mchana kweupe, tanuri za mkaa, mitego, na wawindaji wenye mbwa. Askari wa misitu walikuwa wachache, hawana usafiri, na msitu ni mkubwa wenye makorongo.

Hesabu ya kipunji iliyochapishwa mwaka 2008 iliwashtua wengi. Walikuwa 1,117 kwa jumla, katika makundi 38. Kati yao 1,042 walikuwa Rungwe na misitu ya milima ya Livingstone, na 75 tu Ndundulu. Eneo lote walilokuwa wanaishi, ukijumlisha pande zote mbili, lilikuwa kilomita za mraba 17.69. Kama pande hizo zingekuwa mahali pamoja, mtu mwenye miguu mizuri angeweza kutembea kutoka upande mmoja wa makazi ya spishi nzima hadi mwingine na akarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, likamweka kwenye daraja la wanyama waliomo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Hatua mbili ziliubadili mwelekeo. Mwaka 2005 Kitulo, jirani ya Rungwe, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ikajumuisha uwanda wa maua pamoja na msitu wa Livingstone, yote chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Mwaka 2009 Rungwe ikapandishwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 13,600, ambayo sasa inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hilo ni daraja la juu la ulinzi wa msitu wa serikali. Kuvuna mti hakuna, kuwinda hakuna. Kilichobaki ni maji, utafiti, elimu na utalii.

Sheria peke yake haijawahi kukamata msumeno. Kazi ilifanywa na watu: askari waliokuwa wanatembea siku nzima kwenye mvua kung'oa mitego ya nyaya, vijana wa vijiji walioajiriwa kuhesabu kima, walimu waliobeba habari za msitu darasani, kamati za maliasili za vijiji zilizokubali kusimama mbele ya ndugu na majirani zao na kuwaambia wasikate. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mwenye kutoka Dodoma au Mbeya mjini na kukemea uchanaji mbao hulala kwake salama. Mjumbe wa kamati ya kijiji analala nyumba tatu kutoka kwa mwenye msumeno.

Matokeo yalionekana. Hesabu iliyorudiwa zaidi ya miaka kumi baadaye ilikuta kipunji wanakaribia 2,000, ongezeko kubwa likiwa upande wa Rungwe na Kitulo. IUCN nayo ikamshusha daraja moja la hatari. Bado yumo hatarini, lakini habari ya kima anayeongezeka katika Afrika ya leo ni adimu, na Watanzania wana haki ya kuijua na kuisema kwa sauti.

Msitu huu una wengine pia. Minde, swala mkubwa mweusi wa msituni ambaye kama kipunji hapatikani nje ya Tanzania, bado anaishi humo. Ni mnyama wa giza na vichaka. Kumwona ni bahati, na wengi wanaomfuatilia huishia kuona nyayo na kinyesi. Mwaka 2011 akatangazwa nyoka mpya wa miti kutoka misitu ya Nyanda za Juu Kusini, Atheris matildae, mwenye rangi nyeusi na njano na vipembe juu ya macho. Waliomgundua walikataa kutaja mahali alipopatikana. Nyoka wa aina hiyo hutafutwa na wafugaji wa ng'ambo wanaolipa fedha nyingi, na neno moja la ramani lingetosha kumaliza kizazi chake. Nawaunga mkono kabisa. Na nawasihi wanaopanda Rungwe wakiwa na simu: picha ya mnyama adimu weka, mahali ulipompigia usiweke.

Mahindi yakianza kubeba

Turudi mpakani, maana ndipo nilipokusudia kukaa.

Mahindi yakianza kubeba, kazi ya kulinda inaanza. Kipunji, tofauti na nguruwe pori, huja mchana. Kundi linaweza kuwa na kima 30, na linatokea juu ya miti ya mpakani bila kelele. Mmoja anashuka, anavunja bua, anamenya hindi bichi kwa meno, anakula upande mmoja na kulitupa. Wengine wanafuata. Dakika chache zinatosha kuacha mistari miwili ya shamba ikiwa imelala. Mwenye nusu ekari akipoteza mistari miwili kila siku kwa wiki mbili, hesabu yake ya chakula cha mwaka imevurugika. Kulilinda shamba ni kazi ya kutwa: kukaa kwenye kibanda cha nyasi na debe la kupigia kelele, na mara nyingi kibanda hicho anakalia mtoto ambaye angekuwa shuleni.

Serikali inazo kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi, fedha anayopewa mtu aliyedhuriwa na wanyamapori, tangu mwaka 2011. Ziliandikwa kwa kufikiria wanyama hatari, tembo na kiboko na nyati, na mtu wa Rufiji au Bunda anajua thamani yake na upungufu wake. Mkulima wa Rungwe anayeliwa mahindi yake na kima hakuwamo katika picha hiyo. Anaambiwa mnyama ni urithi wa taifa, naye ndiye anayemlisha kwa niaba ya taifa.

Ninavyoona, hapa ndipo fedha ya uhifadhi inapaswa kuwekwa kabla ya mahali pengine popote. Hatuhitaji kubuni kitu kipya. Jirani zetu Kenya walianzisha kanda za chai za Nyayo mwaka 1986, ukanda wa chai uliopandwa kuzunguka misitu ya milimani ili kuzuia mashamba yasiingie ndani. Kima hali chai. Rungwe ni nchi ya chai. Miche ipo, ujuzi upo, wachumaji wapo. Kinachokosekana ni bei inayomshawishi mtu, kwa kuwa wakulima wanaihama chai kwenda kwenye parachichi, na hawalaumiki. Mkulima ambaye shamba lake ni la kwanza kutoka msituni akilipwa nyongeza kwa kilo ya chai, kwa sababu chai yake inafanya kazi ya uzio, mpaka wa hifadhi utajilinda. Fedha ya viingilio vya watalii na ya wafadhili ikienda huko, itafanya kazi zaidi kuliko ikiishia kwenye semina na mabango.

Pia kuna suala la mpaka wenyewe. Mahali ambapo vigingi vimezama kwenye majani, kila msimu jembe husogea hatua mbili. Siyo lazima kwa nia mbaya. Baba alilima hapa, mtoto anaanzia pale alipoachia baba. Kufyeka mstari wa mpaka kila mwaka, kupanda miti inayotofautiana na ya msituni na kuwashirikisha wenye mashamba wakati wa kupima ni kazi rahisi, isiyo na sifa, na inayosahaulika haraka. Moto nao huanzia hapohapo: mtu anachoma mabaki ya shamba Septemba, upepo unageuka, na nyasi za juu ya mlima zinawaka siku mbili.

Bujingijila

Kati ya Rungwe na misitu ya Livingstone kuna kipande chembamba cha msitu kinachoitwa ushoroba wa Bujingijila. Ndicho kiungo pekee kati ya misitu hiyo miwili. Watafiti wamekuwa wakikitaja tangu kipunji alipopatikana, na kila mara wamekitaja kwa wasiwasi, kwa kuwa kimekatwa, kimelimwa na kimetobolewa.

Kwa kima anayekaa juu ya miti, mita 100 za shamba wazi ni mbali. Chini kuna mbwa, kuna chui, kuna mtu mwenye panga. Juu yake kuna tai anayemsubiri. Hivyo kundi la Rungwe na kundi la Livingstone yanabaki kila moja kwake. Vijana dume wanaopaswa kuhama kwenda kutafuta wenza katika kundi jingine hawana pa kupitia. Baada ya vizazi kadhaa wanazaliana ndugu kwa ndugu, na ugonjwa mmoja au moto mmoja unaweza kufuta upande mzima bila kuwepo wa kuujaza tena. Kipunji wa Ndundulu wako tayari katika hali hiyo. Ni wachache na wametengwa mno. Vinasaba vinaonesha pia kwamba wa Rungwe na wa Ndundulu wana historia tofauti: wale wa nyanda za juu kusini wamebeba sehemu ya urithi wa nyani ambayo wenzao wa Udzungwa hawana. Kwa hiyo ukipoteza upande mmoja, huwezi kusema upande wa pili unatosha.

Ugumu wa Bujingijila ni wa kiutawala kuliko wa kibiolojia. Upande mmoja ni TFS, upande mwingine TANAPA, na katikati kuna ardhi ya vijiji na halmashauri. Kila mmoja ana mpango wake wa kazi na bajeti yake. Ushoroba ukiharibika, hakuna ofisi itakayoulizwa peke yake. Tanzania inazo kanuni za shoroba za wanyamapori tangu mwaka 2018, na zinatumika zaidi tukizungumzia tembo wa kaskazini. Hazikuandikwa kwa ajili ya tembo tu.

Miti ya asili inaota haraka katika udongo huu wa volkano na mvua hii. Vitalu vya miche vimewahi kuanzishwa, na mahali palipoachwa kulimwa msitu umeonesha kwamba unarudi wenyewe usiposumbuliwa. Kinachotakiwa ni makubaliano na familia chache zinazolima ndani ya kipande hicho: ardhi mbadala, au malipo ya kila mwaka kwa kuotesha msitu badala ya viazi. Ni eneo dogo. Gharama yake haifikii hata barabara ya lami ya kilomita kadhaa.

Hatari mpya nazo zinabisha hodi. Nchi inatafuta umeme wa jotoardhi kuzunguka Ngozi na Kiejo, na siwezi kuupinga umeme usiotoa moshi. Lakini barabara za mitambo, mabomba na kambi za wafanyakazi zikipita ovyo zitafungua msitu kwa kila mwenye msumeno. Parachichi linaendelea kupanda mlima. Na upande wa Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, biashara ya viazi vya okidi kwenda Zambia, vinakotengenezwa chikanda, iliwahi kukadiriwa kuchukua kati ya viazi milioni 2 na 4 kwa mwaka kutoka nyanda hizi. Kila kiazi kilichong'olewa ni mmea mmoja umekufa. Kutangazwa kwa hifadhi kulisaidia, ila soko halijafa, na anayechimba leo anachimba nje ya mpaka au usiku.

Wizara ya Maliasili na Utalii inaweza kulimaliza jambo la Bujingijila kwa kuwakalisha meza moja TFS, TANAPA, halmashauri za Rungwe na Busokelo na viongozi wa vijiji husika, wakatoka na ramani moja, bajeti moja na ofisi moja ya kuulizwa. Wabunge wa Mbeya wanaweza kuuliza bungeni kwa nini mkulima anayemlisha kipunji hana kifuta jasho. Na ninyi mliozaliwa huko, mnaofanya kazi Dar es Salaam, Dodoma au ng'ambo na kurudi kila Desemba kuwaamkia wazee, mna sauti kijijini kuliko askari yeyote wa misitu. Mkifika safari hii, kabla ya kununua ekari nyingine ya parachichi, ulizeni kwanza kigingi cha hifadhi kiko wapi, na msinunue upande wake wa ndani.